Visanduku vya Kezi

Hallacombe, Devon
9 Machi 1986

Mdogo wangu Jabez,

Salamu kwako, kwa wifi yangu Torunn na kwa binti yenu Marit. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo linanisema kila nikipanda ngazi. Jumanne mume wangu Ewart alitimiza mwaka tangu atutoke. Nilipeleka maua, nikarudi nyumbani nikapika viazi vya watu wawili kama mjinga, nikavila vyote.

Sasa usicheke. Nimeingia kwenye mchezo wa visanduku. Unawakumbuka wale watu wa makoti ya mvua waliokuwa wakipita mlangoni kwetu na dira shingoni, wakipanda nyika ya Dartmoor, tukiwaita wendawazimu? Basi na mimi nimo. Ni jirani yangu Nesta Pascoe aliyenitoa ndani. Alisema, "Thirza, ukizidi kukaa na hiyo saa ya ukutani mtazikwa pamoja." Mtu anaficha kopo chini ya jiwe au kwenye mizizi, na ndani anaweka daftari na mhuri aliouchonga kwa mkono wake. Wewe ukilipata unagonga mhuri wake kwenye kitabu chako, unagonga wako kwenye daftari lake, unarudisha kila kitu kama ulivyokikuta, unakwenda zako. Zawadi hakuna. Mhuri wangu ni birika la chai. Nimeuchonga kwenye kifutio cha shule, na Nesta anasema unafanana na bata.

Nyikani goti haliniruhusu, kwa hiyo natafuta vya hapa mjini, katika bustani. Najua hupendi kuisikia bustani hiyo. Lakini hili lazima nikuambie wewe, maana hayupo mwingine.

Nesta ana orodha ya visanduku vyote vya bustanini. Ni kumi na kimoja. Alhamisi nilikaa chini ya ule mwerezi mkubwa karibu na jukwaa la bendi kufunga kiatu, na nilipoweka mkono chini niliupitisha kati ya mizizi miwili, nikagusa bati. Kilikuwa kisanduku cha kumi na mbili. Hakimo kwenye orodha. Ndani mlikuwa na mhuri tu, na karatasi.

Niliugonga mhuri ule kitabuni kwangu. Ni utepe wa nywele, umefungwa fundo, na katikati yake kuna alama ya ncha ya pasi.

Jabez, unaukumbuka utepe ambao Mama aliuunguza, Kezi akalia, kisha akagoma usitupwe? Oktoba hii itatimia miaka thelathini na minane tangu dada yetu aingie bustani ile asitoke. Utepe ule alikuwa nao kichwani. Magazeti hayakuutaja, kwa sababu Mama aliwaambia polisi kwamba mtoto alikuwa amevaa kofia.

Karatasi imeandikwa, "Hatua sitini kuelekea mnara wa saa. Msonobari uliopinda."

Umewahi kumsimulia mtu habari za ule utepe? Nijibu upesi.

Dada yako,
Thirza


Bergen
2 Aprili 1986

Dada Thirza,

Tumepata barua yako na sote tunakurudishia salamu. Huku bado tunakoroga theluji na matope. Karakana imejaa meli za uvuvi zinazosubiri injini, na mimi nanuka dizeli hata baada ya kuoga. Torunn anasema akinipoteza sokoni atanitafuta kwa pua. Marit ana mimba. Ndiyo, utakuwa bibi kabla hujafunga mdomo. Anatarajia Julai.

Nafurahi unatoka nje, na mchezo wenyewe ni wa watu wazima wasio na kazi, kwa hiyo unakufaa. Lakini hilo jambo lingine, dada, ni mhuri wa kifutio. Mtoto yeyote anaweza kuchonga utepe, na kisu kikiteleza kinaacha alama. Wewe mwenyewe umechonga birika limetoka bata.

Sijamsimulia mtu yeyote kitu. Torunn mwenyewe anajua tu kwamba tulikuwa na dada na alikufa mdogo.

Nakuomba kama mdogo wako, tafuta visanduku vya kwenye orodha. Huo msonobari uache.

Wako,
Jabez


Hallacombe
20 Aprili 1986

Mpendwa Jabez,

Mwambie Marit shangazi yake anamfumia blanketi, na asibebe ndoo. Huku maua ya manjano yamejaa kando ya njia, na mchungaji mpya anahubiri kwa dakika kumi na mbili, kila mtu ameanza kumpenda.

Nimekwenda kwenye msonobari. Ulijua nitakwenda.

Nilihesabu hatua sitini na ziliishia mbele ya shina. Nilipopapasa chini yake nikakuta bati jingine kama lile la kwanza, la biskuti za zamani, kutu pembeni. Mhuri wa pili ni kiatu cha mtoto, na badala ya kamba ya kiatu kina uzi wa kufungia mizigo. Huo uzi nilimfungia mimi mchana ule, kwa sababu kamba ilikuwa imekatika na tulikuwa tumechelewa Shule ya Jumapili. Nilivuta kwa hasira mpaka akasema aa. Aliyeona alikuwa nani? Mimi, yeye, na wewe uliyesimama mlangoni ukitafuna mkate.

Nilimwita Bwana Yeo, mtunza bustani. Ana miaka ishirini na minne pale na anaijua kila nyasi kwa jina. Nikamwonyesha lile tundu la kisanduku.

"Hapa?" akasema. "Mama, hapa nimepalilia jana. Kwa mikono yangu. Hapakuwa na kitu."

"Basi kimewekwa leo."

"Leo geti nimefungua mimi, na wa kwanza kuingia ni wewe." Akachuchumaa, akautazama udongo, kisha akafanya kitu kilichonishangaza. Alivua kofia. "Nikuulize, Bi Thirza. Wewe si wa akina Hannaford?"

"Nilikuwa, kabla sijaolewa."

"Aha," akasema. Akaivaa kofia yake, akasema ana miche ya kumwagilia, akaondoka bila kugeuka.

Karatasi ya safari hii inasema, "Hatua mia moja na kumi, mgongo uelekee ziwa. Mwaloni uliozibwa." Unaujua huo mwaloni. Ni ule wenye tundu, uliojazwa saruji na watu wa halmashauri mwaka wa 1952 ili usianguke.

Lakini kilichonitoa jasho ni mwandiko. Ile karatasi ya kwanza nilidhani imeandikwa na mtu mzima asiyeandika mara kwa mara. Nilipoziweka pamoja mezani, Nesta akaziangalia juu ya bega langu akasema, "Una barua za mama yako hapo?" Aliwahi kupokea kadi za Krismasi za Mama. Nilimwekea chai.

Sijaenda mwalonini. Nakusubiri wewe useme neno.

Thirza


Hallacombe
15 Juni 1986

Jabez,

Wiki nane. Posta ya Norwei haijafa, kwa sababu Torunn ameniletea picha ya Marit na tumbo lake, asante sana, mwambie amependeza. Wewe ndiye hukuandika hata jina lako nyuma ya picha.

Sikuweza kusubiri zaidi. Jumamosi ya wiki iliyopita, asubuhi, nilikwenda na Nesta. Jua lilikuwa kali, watoto wanalisha bata, bendi inajaribu tarumbeta. Nasema hivi usije ukadhani nilikuwa na hofu ikanidanganya macho. Chini ya mwaloni, pale saruji inapokutana na gome, palikuwa na bati la tatu. Halina mhuri. Lina daftari la shule, lile la jalada la bluu tulilokuwa tukipewa sisi.

Kila mwaka una mstari wake, na kila mstari tarehe yake ni kumi na saba Oktoba. Unaanza 1948, unafika mwaka jana. Ya mwanzo ni mwandiko wa Kezi. Nasema ni wake. Herufi K imegeuzwa nyuma, kosa alilokuwa akichapiwa na mwalimu. Halafu K inanyooka. Halafu herufi zinalala upande, zinakuwa za msichana, halafu za mwanamke. Mwandiko umekua, Jabez. Umekua kama mtu anavyokua. Miaka ya mwisho ni mwandiko wa Mama kabisa, na Kezi hakuwahi kufika umri wa kuandika vile.

Nakunakilia michache.

1953: "Wamepiga bendi siku nzima. Nimeshika wimbo mmoja."

1957: "Baba amepita na fimbo. Amesimama, akaendelea."

1963: "Baridi imeshuka mpaka huku."

1971: "Mama hakuja mwaka huu." Wewe unajua Mama alikufa Agosti ya mwaka ule. Usichojua ni kwamba kila Oktoba alikuwa akienda bustanini peke yake. Hata mimi nilijua baadaye.

1985: "Thirza amevaa nyeusi."

Nesta alisoma mpaka hapo akanirudishia daftari. Akasema, "Mimi naogopa mbwa na madaktari wa meno tu. Leo naongeza la tatu." Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono kama wasichana wa darasa la kwanza.

Nimekwenda halmashauri kuomba wabomoe ile saruji. Kijana wa nyuma ya meza alikuwa na adabu. "Mama, mti una miaka mia nne. Tuuvunje kwa sababu ya daftari?" Polisi vilevile. Wanataka mtu aliyekuwepo, na wewe uliwaambia mliachana getini, wewe ukaja nyumbani, yeye akaelekea ziwani. Ndiyo maana waliburuta nyavu ziwani wiki mbili.

Mstari wa kwanza, ule wa 1948, una jina lako. Siuandiki hapa. Nataka uniambie wewe, kabla sijakuambia unasemaje.

Dada yako


Bergen
11 Agosti 1986

Dada yangu Thirza,

Marit amejifungua tarehe thelathini Julai, mtoto wa kike, mkubwa, ana mapafu ya nahodha. Wamemwita Aslaug. Mama na mtoto hawajambo. Nilipewa nimbebe hospitalini, akanishika kidole, nikamrudisha kwa mama yake haraka, nikatoka nje. Torunn alinifuata kwenye maegesho. Akaniuliza, "Jabez, una nini na watoto wa kike?" Tumeoana miaka ishirini na minne na hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia. Sasa nakuambia wewe, uliyestahili kuambiwa kwanza.

Hatukuachana getini.

Tulipotoka Shule ya Jumapili Kezi alikuwa akinitania njia nzima kwamba atawaambia wenzangu mimi nakojoa kitandani. Nilikuwa na miaka tisa na ilikuwa kweli. Tulipofika kwenye mwaloni akaingia ndani ya tundu. Unakumbuka tundu lilikuwa na mlango wa mbao, mtunza bustani wa wakati ule alikuwa akiweka mafagio humo. Akasimama ndani akasema, "Niko kwenye mimbari, sikilizeni, Jabez Hannaford anakojoa." Nikausukuma mlango, nikatia komeo.

Alicheka kwanza. Halafu akasema, "Fungua, kuna buibui." Halafu akasema, "Jabez, usinifanyie hivi." Nikamwambia, "Hubiri sasa." Ilikuwa kama saa tisa na nusu. Nikaenda nyumbani kunywa chai. Mama alikuwa amepika skonzi za zafarani. Nilikula tatu, ya tatu ilikuwa yake. Mvua ikaanza, ikazidi, nikajiambia yuko mahali pakavu, ana bahati kuliko mimi.

Saa kumi na moja nikarudi mbio. Bado kulikuwa na mwanga. Komeo lilikuwa mahali pake, kama nilivyoliacha. Nikafungua.

Hakuwemo. Mafagio yalikuwemo, na yeye hayumo. Komeo liko nje, dada, na ndani hamna mtu. Nilimwita. Nikadhani ametolewa na mtu, amejificha anipatie adhabu. Nikafunga tena na kurudi nyumbani nikasubiri aingie. Baba alipouliza, maneno ya getini yalitoka yenyewe, na yakishatoka yalikuwa kama saruji.

Niliondoka Uingereza kwa sababu ya mti ule. Wala usidhani ni kazi.

Sijui kilichoandikwa kwenye huo mstari na siombi unihurumie. Wapelekee polisi barua hii. Nimeweka sahihi kila ukurasa.

Jabez


Hallacombe
28 Septemba 1986

Mdogo wangu,

Pole, na hongera kwa mjukuu. Blanketi limetumwa, lioshwe kwa maji baridi. Nakuandikia polepole ili nisikosee.

Barua yako niliipeleka kwa Sajini Damerell. Aliisoma mara mbili, akafunga mlango, akapiga simu. Jumatatu walileta watu wa kuvunja saruji. Bwana Yeo alizungushia kamba akakataza watu wasikaribie. Aliniletea kiti chake mwenyewe. Aliponikalisha akasema, "Miaka ishirini na minne mimi sili chakula changu chini ya mti huu, Bi Thirza. Mjomba wangu alikuwa mtunza bustani kabla yangu. Aliniambia, usikae hapo, panabisha hodi. Nikadhani ni uzee."

Ndani hamkuwa na mtu, kama ulivyosema. Lakini kijana mmoja alipopiga sakafu ya tundu kwa mtaimbo, sakafu haikuwa udongo. Zilikuwa mbao zilizooza, na chini yake mtaro wa matofali, ule wa zamani wa kupeleka maji ziwani wakati bustani ilikuwa shamba la bwana mmoja. Hakuna ramani inayouonyesha. Ubao mmoja wa nyuma, pale mafagio yalipokuwa yakisimamishwa, ulikuwa umevunjika.

Alikuwa hatua nane kutoka hapo, kwenye nondo za mwisho za mtaro. Kiatu kilikuwa na uzi.

Daktari anasema mtaro ulijaa kwa ile mvua, na haikuchukua muda. Nimekubali kuamini hivyo, na wewe kubali.

Daftari walilichukua siku tatu. Sajini alilirudisha mwenyewe, amelifunga kwenye bahasha. Nikamwuliza wataalamu wamesemaje. Akasema, "Karatasi ni ya zamani. Wino wa mwanzo ni wa zamani, wa mwisho ni mpya. Zaidi ya hapo, mama, mimi nina miaka miwili ya kustaafu na sikuliona." Akanywa chai akaondoka.

Sasa mstari wa kwanza. Unasema, "Jabez amekwenda kunywa chai. Atarudi."

Hauna neno lingine. Umesoma? Hamna hasira ndani yake. Alijua utarudi, na ulirudi.

Tunamzika Ijumaa, tarehe kumi na saba Oktoba, karibu na Mama na Baba. Utalala chumba cha nyuma. Njoo.

Thirza


Hallacombe
16 Novemba 1986

Mpendwa Jabez,

Nashukuru umefika salama, na samaki wa kukausha ulionitumia wamefika pia, nyumba nzima inanuka bandari. Nesta anakusalimu. Anasema kwa mtu aliyekaa kimya miaka yote ile unaimba zaburi vizuri.

Nimerudi bustanini. Chini ya mwerezi hakuna kitu, wala chini ya msonobari. Udongo ni mgumu, mizizi imeshikana, na ule mwanya niliopitishia mkono hata kidole hakipiti. Yale mabati mawili ya mwanzo, pamoja na karatasi zake, niliyarudisha mahali pake kama sheria ya mchezo inavyotaka, na hayapo. Mihuri iliyobaki ni ile niliyoigonga kitabuni kwangu. Bwana Yeo amehamishia kiti chake chini ya mwaloni. Nilimkuta anakula mkate na jibini pale, akanikaribisha.

Pale makaburini ulisimama ukasema mbele ya watu wote, "Ni mimi niliyemfungia." Mchungaji alikushika bega. Mimi nilisimama karibu yako nikatazama viatu vyangu. Ulidhani ni huzuni.

Ewart na mimi tulikuwa tukionana kwa siri wakati ule. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, yeye kumi na saba, na Baba angenivunja mguu. Jumapili ile nilisema nakwenda mazoezi ya kwaya. Tulikutana bustanini. Mvua ilipoanza tulikimbia, tukapita kwenye mwaloni, ilikuwa kama saa kumi na robo. Kitu kilibisha kutoka ndani. Kilibisha sawasawa, kama mtu anavyobisha mlango. Ewart akasema, "Ni ndege, kigong'ota." Mimi nikasema, "Kwenye mvua?" Tukacheka.

Nilijua ni Kezi. Alikuwa na tabia ya kunifuata na kunichungulia. Nikajiambia, amejificha humo anipeleleze, nikifungua atamwona Ewart, na jioni Baba atajua. Nikamvuta Ewart mkono tukaenda zetu. Nililiona komeo, Jabez. Liko nje. Nililiona na sikutaka kufikiri.

Usiku wa kutafuta sikusema. Ewart hakusema. Tukaoana, tukaishi miaka thelathini na moja, na hatukulitaja hata siku moja. Mwaka tulipohamia nyumba hii alifunga kengele ya umeme mlangoni, na aliyebisha kwa mkono alimfokea. Watu walidhani ni mkali. Hatukupata watoto, na nadhani sote wawili tulishukuru.

Wewe ulifunga ukarudi kufungua. Mimi nilikuwa mkubwa, nilisikia, nikapita. Nilikuacha ubebe peke yako, hata mbele ya kaburi. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa.

Thirza


Bergen
7 Desemba 1986

Dada Thirza,

Hatujambo sote. Aslaug anageuka mwenyewe, halafu anakasirika kwa kuwa hawezi kurudi. Blanketi halimtoki.

Najua habari ya kigong'ota. Nimejua tangu tarehe kumi na sita Oktoba, jioni, mkesha wa mazishi, uliponiachia daftari mezani ukaenda kwa Nesta kuazima vikombe. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, hukuweza kuziona. Mimi kazi yangu ni kubandua gasketi, zile karatasi za kuziba maungio ya injini, zilizoungua, bila kuzichana. Nilizishikilia juu ya mvuke wa birika lako, nikaingiza kisu cha siagi. Kati yake kulikuwa na mwandiko wa mtoto, K imegeuzwa, na ndiyo maandishi pekee humo yasiyo na tarehe.

Nilikusubiri useme. Nilisema ya kwangu kaburini ili upate njia, na ulipokosa kusema nikajiambia basi, nitaondoka nayo. Nilikuwa nimeshazoea kubeba. Ule ukurasa niliukata, nikauingiza kwenye kiganja, na nilipotupa udongo niliutupa nao. Hakuna atakayeusoma. Lakini nimeushika kwa moyo, na kwa kuwa umeandika, ni haki yako.

Unasema hivi: "Thirza amepita na mvulana. Nilibisha, nikamsikia anacheka. Nyumbani hacheki. Nikaacha kubisha."

Njoo Krismasi, dada. Meli inatoka Newcastle tarehe kumi na tisa. Torunn ameshatandika kitanda, na Marit anataka shangazi yake amfundishe kupika skonzi. Uje na goti lako. Nitakusubiri gatini, na ukichelewa nitasubiri.

Mdogo wako,
Jabez